Pima Moja ya Katekista

Alikuwa mfupi, na sisemi hivyo kumdharau. Ufupi wake ndio habari yenyewe, na kama ningeutilia maanani mapema nisingekuwa na la kuandika leo. Akisimama karibu yangu kichwa chake kilinifika begani, na mimi mwenyewe si mtu wa kuitwa mrefu. Kijiji kizima cha pale ziwani, siku nzima ya lori kutoka Mpanda mjini, kilimwita Katekista, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo ninalijua. Sioni kama nina haki ya kulitumia.

Kazi zake zilikuwa mbili. Jumapili ambayo padri hakufika aliongoza ibada, na Jumatano na Ijumaa alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Siku zilizobaki aliongoza boti. Kwanza ilikuwa boti ya parokia, ya kumzungusha padri kwenye vigango, na ile ilipochoka akaja kwenye boti ya mradi wetu, iliyobeba nesi na chanjo kwenda vijiji visivyo na barabara. Mradi ulimchukua kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kila mvuvi alijua miamba ya mbele ya kwao. Katekista alijua ya upande wote ule wa Tanganyika, na kila mmoja alikuwa ameupa jina.

Kulikuwa na Wakwe Wawili, miamba inayokaa karibu karibu, ambayo alisema inapitwa katikati kwa adabu na bila kelele za injini. Kulikuwa na Mlevi, ambapo maji huyumba hata kusipo na upepo. Na kulikuwa na Kimya, mwamba uliolala chini ya maji bila povu, bila wimbi, bila dalili. Huyo hakumtania. Akikaribia upande wake alikuwa anazunguka mbali, nusu saa nzima ya mafuta, na hakuna aliyemwuliza.

Kamba yake ya kupimia maji ilikuwa ya katani, nyeusi kwa kushikwa, na mwishoni alifunga nati kubwa ya gurudumu la lori. Chini ya nati alibandika kipande cha sabuni ya mawese, ambayo mkewe aliipika mwenyewe. Boti ikifika mahali asipopaamini alituachia usukani, akaenda mbele, akarusha kamba, akasubiri iguse chini. Kisha aliivuta akiihesabu kwa mikono, anainyoosha mbele ya kifua kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: pima moja. Tena: pima ya pili. Nati ikitoka majini aligeuza sabuni akaitazama. Ikija na mchanga alirudi kwenye usukani bila neno. Ikija na matope aliinusa. Ikija safi alisema tu, "Jiwe," na tunazunguka.

Nesi wetu alikuwa mama wa Kisukuma mwenye maneno mengi. Siku moja alimwuliza, "Baba Katekista, hiyo sabuni bado inafaa kuogea?"

"Inafaa," alisema. "Ila uanzie miguuni."

Alikuwa na swali moja ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelichoka: "Umepima au umesikia?" Ukimwambia samaki wamepanda upande wa kaskazini, anauliza. Ukimwambia fulani kaiba muhogo wa jirani, anauliza, na anakutazama mpaka unakumbuka una shughuli nyumbani. Hata watoto wa mafundisho hawakupona. Mmoja alisimama akasema Mungu yuko kila mahali, na Katekista akamwambia, "Hilo umesikia, na ni sawa. Ya Mungu tunasikia. Ya maji tunapima." Mkewe alikuwa anasema, "Nyie muacheni huyo, hata chumvi ya mboga anataka aishushie kamba."

Lakini swali lake lilikuwa na mwisho. Mtu akimjibu, "Nimepima," basi, hakuuliza tena. Nilimwona akikubali neno la mvuvi mmoja ambaye saa nne asubuhi alikuwa ananuka pombe, kwa sababu tu alisema kina cha mahali fulani amekipima mwenyewe. Baadaye nikamwuliza anamwaminije mtu wa namna ile. Akasema, "Kupitiwa na pombe kuna dawa. Mtu anayesema amepima na hakupima, huyo ndiye sijui umfanye nini."

Nisije nikamfanya malaika. Kwenye bao aliiba kete mchana kweupe, na ukimkamata anacheka mpaka anakohoa. Nilimwambia, "Katekista mzima?" Akasema bao ni mchezo, maji si mchezo, nisichanganye. Kuogelea hakujua. Miaka yote ile juu ya ziwa hakujua kuogelea, na mto mdogo tu wa kufika magotini alikuwa anauvuka ameshika bega la mtu. Hasira pia alikuwa nazo. Aliwahi kumfukuza kijana darasani kwa sababu alipiga miayo kwenye Baba Yetu, halafu jioni akampelekea samaki nyumbani kwao asiseme kwa nini.

Sasa nijiseme mimi, maana bila mimi habari yake ingekuwa nzuri mpaka mwisho.

Nilikuwa kijana wa Ilembo, mtoto wa wakulima wa mahindi, niliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne. Mradi ulinipeleka Dar es Salaam kozi ya wiki sita. Nikarudi na kompyuta ya kubeba, kidude cha kusikiliza setilaiti, na ziwa zima ndani ya diski. Niliteremka kwenye lori na kalamu tatu mfukoni. Katekista alikuja kunipokea, akanibebea sanduku, na tangu siku hiyo akawa ananiita Bwana Ramani.

Kitu nilichokijua na sikumwambia mtu ni kwamba ramani ile ya kwenye kioo ilikuwa imenakiliwa kutoka ramani ya karatasi ya wakoloni. Rangi zilikuwa mpya, bluu safi ya kupendeza, lakini namba zilikuwa za watu waliokufa zamani. Upande wetu hata hizo namba zilikuwa chache, sehemu kubwa hapakuwa na kitu. Kwenye karatasi patupu pangebaki peupe, mtu akaogopa. Kwenye kioo patupu napo palipakwa bluu.

Siku ya kwanza tulitia nanga mbele ya kijiji nikamwonyesha. Alikaa mbele ya kioo kama dakika kumi, mikono magotini.

"Bwana Ramani, sisi tumetia nanga?"

"Tumetia."

"Mbona yenyewe inatembea?"

Kweli alama ya boti ilikuwa imeondoka hatua kama mia, ikapanda nchi kavu kidogo, ikarudi majini. Nilimweleza habari za setilaiti mpaka mwenyewe nikachoka. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Haya. Ikitulia utaniita."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliumia. Nilikuwa na umri wa kuumia kwa vitu vidogo.

Bosi wetu, ambaye alikaa mjini na kuja ziwani mara chache, aliagiza sehemu zile tupu zijazwe. Alisikia Katekista ana daftari, na daftari lilikuwepo. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limefungwa kwenye nailoni mara mbili, na humo mlikuwa na vina vya miaka na miaka, kila mwamba na jina lake, kila mstari na msimu wake. Alinikabidhi kwa mikono miwili, pale kwenye mlango wa ofisi yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.

"Kabla hujaandika," alisema, "unipime mikono. Hizi ni pima zangu. Si za mtu mwingine."

Akasimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, ananisubiri.

Futi ya kupimia nilikuwa nayo, droo ya juu, mkono wangu ulikuwa unaifikia nikiwa nimekaa. Sijui ilikuwa nini. Labda chai ilikuwa ya moto. Labda niliona aibu, mimi mtu wa setilaiti, kupimana mikono na mzee mlangoni wapita njia wakitazama. Nikamwambia, "Kesho, Baba Katekista." Akashusha mikono.

Kesho sikupima, wala kesho kutwa. Kompyuta ilitaka mita, na kitabu cha kozi kilisema pima moja ni mita moja na sentimita themanini na tatu. Nikazidisha daftari zima kwa namba hiyo, siku mbili nikawa nimemaliza. Bosi alipoona ziwa limejaa namba alinipa mkono mbele ya watu. Daftari nikalirudisha likiwa limefungwa kwenye nailoni yake, na mwenyewe hakuniuliza kitu. Alidhani kazi imeisha kama ilivyotakiwa kuisha.

Safari yenyewe ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamepungua, mchana, ziwa limetulia. Bosi alikuwemo, amekuja kuiona mashine ikifanya kazi. Nesi alikuwemo na boksi lake la chanjo. Katekista alikuwa kwenye usukani, na kamba yake ameikunja miguuni kwa sababu nilikuwa nimemwambia leo haitahitajika. Tulipokaribia upande wa Kimya akaanza kuzunguka kama kawaida yake.

Bosi akatazama kioo. "Mbona tunakwenda nje? Hapa mbele si bluu?"

Wote wakanigeukia.

Boti yetu ikiwa na mzigo ilihitaji maji ya mita moja na nusu. Mahali penye maji pungufu ya hapo nilikuwa nimepaagiza pawe pekundu. Kimya, kwenye daftari, alikuwa ameandikwa pima moja juu ya mgongo, mwisho wa kiangazi. Pima moja kwa kitabu changu ilikuwa na maji ya kutosha na ya kubaki. Kwa hiyo Kimya hakuwa mwekundu. Hakuwepo kabisa.

"Tunaweza kupita moja kwa moja," nikasema.

Katekista hakugeuza. Alinitazama, si kwa ubishi, bali kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Bwana Ramani, kwa njia hiyo tunampanda Kimya mgongoni."

"Kimya ana mita moja na themanini na tatu juu yake. Daftari ni lako, Baba Katekista."

"Pima ni zangu, ndiyo. Mikono ulinipima?"

Bosi alikuwa ananitazama. Nesi alikuwa ananitazama. Yale ya mlangoni, chai, droo, yote yalinijia kwa pamoja, na nilikuwa na muda wa kutosha kusema hapana. Watu husema mambo kama haya hutokea ghafla. Hili halikutokea ghafla. Nilifikiri, kisha nikasema.

"Nimepima."

Akageuza usukani.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Boti ilipanda kidogo upande wa mbele, ikakaa, ikalala ubavu, na sisi tukaenda na ubavu huo. Boksi la chanjo liliteleza likaingia ziwani, nesi akabaki na mkanda mkononi. Katekista alitupwa kwenye chuma cha kufungia kamba, kiwiko cha kushoto kikatangulia. Hakuna aliyekufa. Wavuvi walikuja wakatuvuta, na njia nzima alikuwa ameushika mkono wake kifuani, uso umebadilika rangi.

Nilingoja aseme. Alichosema, na alimwambia bosi, si mimi, ni hiki: "Bwana mkubwa, kosa litakuwa langu. Huenda siku ile niliandika vibaya."

Nami nikanyamaza. Ilikuwa ni neno moja tu la kusema, na mashahidi wote walikuwepo, na boti ilikuwa inavutwa polepole.

Ripoti niliandika mimi. Mstari mmoja wa ripoti ile naujua kwa moyo: chanzo cha ajali ni vipimo visivyo sahihi vilivyotolewa na mwongozaji wa eneo. Niliurudia mara nne kabla ya kuridhika nao. Bosi akasaini.

Mradi ukamwondoa kwenye boti. Hilo angelivumilia, nadhani. Lakini kijiji ni kijiji, habari ikatembea kwamba daftari la Katekista lina uongo, na watoto wakawa wanamwita njiani, "Katekista, umepima au umesikia?" Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe kwa Paroko akaomba kupumzishwa mafundisho. Alimwambia amri ya nane, ile ya kutosema uongo, hawezi kuifundisha akiwa na daftari lile nyumbani. Paroko alimkatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali. Haya aliniambia nesi, akiwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yangu, mlango ule ule, na alipomaliza alisubiri niseme kitu. Nilimwambia ni habari ya kusikitisha. Hakuniamkia tena mpaka nilipohamishiwa mjini.

Ndiyo maana siku hizi, wajukuu wakinionyesha ramani kwenye simu na kuniuliza kama ni ya kuaminika, huwa nawauliza nani aliyeijaza, na alikuwa na haraka ya nini. Wananiona mzee msumbufu. Siwaelezi.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini, mradi umekwisha zamani, mimi ni mtu wa ofisi ya wilaya, nimetumwa ziwani kuhesabu na kupima mitumbwi. Ningependa kusema nilikwenda kumtafuta. Nilikwenda kununua sabuni, nikawa nimesahau ni nani anayeipika.

Alikuwa amekaa barazani anakata sabuni kwa uzi. Uzi ulikuwa na mafundo, ili kila kipande kilingane na mwenzake. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko na haukushuka wala kupanda. Nikaamkia, "Shikamoo, Baba Katekista," na kabla hajaitikia nikakumbuka kwamba si katekista tena.

"Marahaba, Bwana Ramani," alisema, na alifurahi. Hilo sikulitegemea na lilinichoma. Akamwita mkewe alete kigoda. Akaniuliza habari za mjini, za mahindi ya Ilembo, kama barabara ya Sibwesa wameitengeneza. Kisha akaweka uzi chini.

"Kuna kitu nimekuwa nataka kukuuliza. Siku ile ulinipima mikono, ilikuwa siku gani? Nimejaribu kukumbuka nikashindwa. Mama anasema ni uzee. Nimesema labda nilikuwa nimesinzia pale ofisini kwako."

Alikuwa anauliza kweli. Miaka yote ile alikuwa anaitafuta siku ambayo haikuwepo.

Nikamwambia, "Sikukupima."

"Hukunipima."

"Sikukupima, Baba. Nilisema uongo."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kigoda mkononi. Hakukiweka chini. Katekista alitazama vipande vya sabuni, akakisogeza kimoja kikae sawa na vingine. Sikuona hasira. Nilichokiona kilikuwa kama mtu aliyeweka chini mzigo na bado hajaamini kwamba mikono ni mitupu.

"Futi unayo?" akauliza.

Nilikuwa nayo, kwa ajili ya mitumbwi. Akasimama, akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki kifuani umekunjika. Aliutazama, akatikisa kichwa.

"Huu haunyooki tena. Pima huu mzima, kuanzia hapa katikati ya kifua, halafu uzidishe mara mbili. Si ulisoma?"

Nikapima. Sentimita sabini na mbili. Pima moja ya Katekista ilikuwa mita moja na sentimita arobaini na nne, na boti ilihitaji mita moja na nusu. Tangu mwanzo daftari lilikuwa linatuambia tusipite.

Mkewe aliingia ndani bila kuambiwa akaleta daftari, bado kwenye nailoni. Katekista akanifungulia ukurasa wa kwanza, sehemu ya juu iliyobaki nyeupe, akaniambia niandike. Niliandika: pima moja ya humu ni mita moja na sentimita arobaini na nne, vipimo vyote ni sahihi, kosa lilikuwa la mwandishi wa ramani. Nikatia saini. Aliyasoma, kidole kikifuata maneno, mara mbili, ya pili kwa sauti. Kisha akalikumbatia daftari kwa mkono ule mmoja.

"Vizuri," akasema. "Jumapili padri haji. Nitamwomba mwenyekiti wa walei akupe dakika mbili baada ya matangazo. Uisome kama ilivyo, huna haja ya kuongeza. Watoto wale wa wakati ule sasa ni watu wazima, watakuwepo."

Nikamwambia lori langu linaondoka Jumamosi.

"Jumamosi." Alifikiri kidogo. "Hakuna lingine?"

"Hakuna, Baba."

Akaniamini. Alisema basi, kazi ni kazi, na mkewe akanifungia vipande viwili vya sabuni kwenye gazeti, vya njiani. Mama mwenyewe aliniaga kwa macho tu, hakunipa mkono. Jumamosi asubuhi nilipanda lori, nikakaa mbele karibu na dereva. Lingine lilikuwa linaondoka Jumatatu, na nilikuwa nalijua.